Kumlea mtoto wa miaka miwili kwa saa ya adhana: mwongozo kamili kutoka Tanga

Mwanangu wa tatu ana miaka miwili na miezi minne. Kachukua jina la babu yake mzaa baba, kwa hiyo hapa uani kwetu Makorora kila mtu anamwita Babu, na mwenyewe keshaamini kuwa ni mzee. Saa haijui, leo na kesho hazijui, na ukimwambia "subiri kidogo" ni kama umemtukana. Lakini muadhini akishika kipaza sauti tu, anaacha alichokuwa nacho, anaweka kiganja sikioni na kupiga ukelele: "Allaa-ba!"

Hapo ndipo nilipopata akili. Kwa wale wawili wa mwanzo nilihangaika na ratiba za kubandika ukutani, zote zikafa ndani ya wiki. Huyu nimempangia siku kwa adhana tano, na nyumba imetulia kiasi kwamba napata muda wa kukaa kwenye cherehani. Nakuandikia ninavyofanya, hatua kwa hatua. Sisi tunakaa nyumba ya kupanga yenye ua mmoja, bomba moja na vyoo viwili. Mume wangu anafanya kazi za zamu. Mama mkwe yuko mtaa wa pili na anafika kila siku. Hali yako ikiwa tofauti, punguza au ongeza.

Hatua ya 1: Zijue nyakati, kisha uzifunge na kazi

Tanga tuko digrii tano tu kusini mwa ikweta, na hilo ni neema kwa mwenye mtoto mdogo, maana nyakati za swala hazihamihami. Adhuhuri yetu mwaka mzima inaingia kati ya saa sita na dakika kumi na saa sita na dakika arobaini hivi. Magharibi haitangulii sana saa kumi na mbili na robo wala haivuki saa moja kasorobo kwa mbali. Ndugu zetu walioko Ulaya, kiangazi Magharibi inawakuta watoto wao wameshalala zamani. Sisi jua letu linatuzamia wakati uleule ambao mtoto anaanza kuchoka.

Basi kila adhana ipe kazi moja ambayo mtoto ataiona kwa macho. Ya Adhuhuri ni kunawa, kula na kulala. Ya Alasiri ni kutoka nje. Ya Magharibi ni kuingia ndani, na ya Isha ni kitandani. Ya Alfajiri mtoto haihitaji kabisa, hiyo ni yako wewe.

Usianze na zote. Wiki ya kwanza funga mbili tu, Adhuhuri na Magharibi, zikishika ndipo uongeze. Na chagua msikiti mmoja. Hapa kwetu misikiti mitatu inapokezana, mmoja ukimaliza mwingine ndio kwanza unaanza, na mtoto anayeambiwa "adhana, tuingie" kisha anakaa nje mpaka ya tatu iishe, keshajifunza kuwa ya kwanza haina maana.

Jirani yangu wa chumba cha pembeni ni Msambaa, Mlutheri, na ana binti wa umri wa Babu. Naye amempangia mwanawe siku kwa adhana hizihizi. Ya Magharibi ikilia anamwita ndani, anamkogesha, kisha wanasali sala yao ya jioni na kuimba. Anasema kengele ya kanisani kwao anaisikia Jumapili tu, na saa hii hailipii umeme. Kwa hiyo hata kama hauswali, mwongozo huu unaweza kukufaa.

Hatua ya 2: Andaa vitu vinne

Kipande cha mkeka au msala mdogo wa mtoto, uwe wake, asiguse mwingine. Poti ya plastiki. Beseni na kopo lake la kunawia. Na msumari wa juu ukutani wa kutundikia nguo yako ya kuswalia, juu hasa, mahali ambapo mikono yenye uji haifiki. Huo msumari ndio wa thamani kuliko vyote, utaona hatua ya 5.

Hatua ya 3: Alfajiri, usimwamshe

Kuna watu wanamwamsha mtoto Alfajiri "azoee". Mtoto wa miaka miwili anatakiwa alale saa 11 hadi 14 kwa siku, pamoja na usingizi wa mchana. Ukimkata asubuhi atakulipa deni hilo saa nne kwa kilio. Amka wewe robo saa kabla, swali, pika uji uweke kwenye chupa ya chai. Akiamka mwenyewe, mweke mapajani wakati unavuta uradi, kimya, bila taa kubwa. Mara nyingi anarudi kulala.

Hatua ya 4: Bismillahi mezani, au mkekani

Asubuhi ni uji wa ulezi kwa maziwa, au mhogo wa kuchemsha na chai ya maziwa isiyo na sukari nyingi. Kabla ya kijiko cha kwanza sema "Bismillahi" kwa sauti, kisha nyamaza usubiri. Usimlazimishe aseme. Babu alikaa karibu miezi miwili akinitazama tu, siku moja nikasahau, akanizuia mkono: "Mmilai!" Tangu siku hiyo yeye ndiye mlinzi wa bismillahi, na baba yake akitafuna bila kuisema anaumbuliwa mbele ya wageni.

Adabu ya chakula tunayo tayari imeandaliwa, hatuna haja ya kubuni. Mtume, rehema na amani zimshukie, alimwona Umar bin Abi Salama akiwa kijana mdogo mkono wake unazunguka sahani nzima, akamwambia mambo matatu: taja jina la Mwenyezi Mungu, kula kwa mkono wako wa kulia, kula kilicho mbele yako. Matatu tu. Hakupigwa, hakuondolewa kwenye sinia. Kwa mtoto wa miaka miwili anza na la kwanza. La mkono wa kulia, akishika kijiko kwa kushoto, kihamishe polepole bila neno, mara moja, mara mbili, kisha mwache ale. Kumfunga mkono au kumchapa kwa ajili hiyo ni kumfanya achukie sahani.

Hapa nisimame kidogo kwenye hatari. Miba ya samaki ichambue kwa vidole, macho peke yake yatakudanganya, hata kama ni changu mkubwa mwenye miba minene. Karanga nzima, korosho na mbegu za ubuyu asipewe mpaka afike miaka mitano hivi. Najua mtaani kwetu ubuyu unagawiwa kama salamu, na ndio maana nakaza: mbegu ile ni kipimo halisi cha koo la mtoto. Akipaliwa na bado anakohoa kwa nguvu, mwache akohoe. Akishindwa kukohoa wala kulia, mwinamishe mbele, mpige katikati ya mabega kwa kisigino cha kiganja mara 5. Kikigoma kutoka, piga magoti nyuma yake, weka ngumi juu ya kitovu, vuta ndani na juu mara 5, urudie zamu hizo huku mtu akitafuta usafiri. Usichokonoe koo kwa kidole kama hukioni kitu, utakisukuma mbele.

Hatua ya 5: Adhuhuri, hapa ndipo kazi ilipo

Kina mama wengi wa umri wangu wameacha kuswali kwa wakati kwa sababu moja: mkojo. "Nguo yangu haina uhakika, ngoja Babu alale." Babu halali, Alasiri inaingia. Kumbe tatizo mara nyingi ni mpangilio wa kazi tu. Fuata mfuatano huu.

Kwanza mshughulikie mtoto, wewe baadaye. Sisi huku wengi wetu ni Mashafii, na katika madhehebu yetu kugusa utupu wa mtu kwa kiganja bila kizuizi kunatengua udhu, hata awe mtoto wako wa kumzaa. Ukitawadha halafu ukamtawaza mtoto, umefanya kazi bure. Mimi ilinichukua mtoto wa kwanza mzima kulielewa hili. Basi adhana ikilia, mpeleke poti, msafishe kwa maji, mbadilishe nepi au chupi, mnawishe mikono na uso kwa kopo lake. Ndipo uchukue udhu wako. Ikitokea kachafua tena ukiwa umeshatawadha, vaa mfuko mkononi au shika kitambaa, udhu wako utabaki.

Pili, najisi. Mkojo wa mtoto wa kiume ambaye hajatimiza miaka miwili na hajala chochote ila maziwa, unatosha kunyunyiziwa maji yakaenea. Wa mtoto wa kike unaoshwa. Lakini Babu na wenzake wanaokula wali na mchuzi wamekwisha kutoka kwenye ruhusa hiyo, wote ni kuosha. Kuosha kwenyewe si adhabu: ondoa ule mkojo kwa kitambaa, mimina maji safi juu yake, basi. Huna haja ya sabuni mara saba, wala kutoa mkeka mzima nje uanikwe kutwa. Kinyesi ondoa chenyewe kwanza, kisha maji mpaka rangi na harufu viishe. Na hicho kinyesi kitupe chooni, usikimwage pembeni ya bomba ati "cha mtoto si kitu". Ni kitu, na kuhara kwa watoto wa ua mzima kunaanzia hapo.

Tatu, shusha nguo yako kwenye msumari, vaa, tandika. Nguo hiyo haikukaa sebuleni, haikukaliwa na mtu, kwa hiyo wasiwasi unakuwa umeisha. Tandika na kimsala chake kushotoni au kuliani kwako. Asipotaka kusimama, mwache.

Nne, mtoto akikupanda. Atakupanda tu. Mtume aliswali hali amembeba Umama, mjukuu wake kwa binti yake Zainabu. Akisujudu humweka chini, akisimama humbeba. Na siku moja alirefusha sijida mpaka masahaba wakadhani kuna jambo limemfika, kumbe mjukuu wake, Hassan au Hussein, alikuwa mgongoni, naye hakupenda kumharakisha. Basi usimsukume. Shuka polepole, inuka polepole, ateleze mwenyewe. Angalia tu usifanye vitendo vikubwa vitatu mfululizo, maana hapo swala inabatilika kwetu. Fanya harakati kidogo, tulia, kisha endelea. Na usimbebe akiwa na nepi iliyojaa, kwa kuwa ni kama umebeba najisi ndani ya swala. Ndio maana tulianza na poti.

Tano, akikimbilia jiko la mkaa, ndoo ya maji au kisu, kata swala. Kata palepale, mkamate, urudi uanze upya. Kuna mzee wa uani aliniona nikakata, akaguna. Siku ya pili nikampelekea swali ustadhi wa mtaani, akacheka akasema kuokoa nafsi kunatangulia. Bora zaidi ni kufunga mlango kabla ya takbira na kuondoa ndoo, maana maji ya kimo cha kiganja yanatosha kumzamisha mtoto wa umri huu.

Na tukumbuke anachofanya pale pembeni. Mtoto huamrishwa swala akifika miaka saba. Miaka miwili anacheza swala. Babu anasujudu akielekea kabati, anasimama katikati ya rakaa kufuata kuku, anarudi akitoa salamu pande tatu. Usimrekebishe kibla. Usimpigie watu video kila siku mpaka aanze kuswali kwa ajili ya simu.

Hatua ya 6: Chakula cha mchana, usingizi na ziwa

Baada ya swala anakula chakula cha familia: wali wa nazi, au siku ya bada (ugali wa muhogo), bada, pamoja na mboga za majani na samaki. Pilipili weka pembeni. Kisha analala saa moja na nusu au mbili. Chumba kiwe na giza kidogo, kanga ileile, sura ileile fupi. Mimi husoma Qul huwallahu mara tatu, na ya tatu anamalizia mwenyewe akisinzia.

Ziwa. Qur'ani katika Suratul Baqara, aya ya 233, inataja kunyonyesha miaka miwili kamili kwa anayetaka kutimiza, na aya hiyohiyo inasema wazazi wakitaka kumwachisha kwa kuridhiana na kushauriana, hapana ubaya. Neno la kushauriana wanaume wa huku wanalipita haraka. Kumwachisha ziwa kunataka baba alale upande wa mtoto wiki mbili, asiishie kusema "mwachishe bwana, keshakuwa mkubwa" kisha akavuta shuka. Sisi tuliondoa nyonyo la mchana kwanza, badala yake kikombe cha maziwa. Baada ya siku tano hivi tukaondoa la asubuhi. La usiku lilikuwa la mwisho, na zile siku tatu baba ndiye aliyembeleza. Shubiri sikupaka. Mkwe wangu alinikatia jani, akaliacha dirishani kwa makusudi, likakauka palepale.

Hatua ya 7: Alasiri ni ya nje

Adhana hii inaingia kati ya saa tisa na robo na saa kumi hivi. Swali, kisha mtoe. Jua limepungua ukali, na nguvu zilizobaki lazima zitoke kabla ya usiku. Uani kunatosha: ndoo tupu, vifuu, mchanga. Mara moja kwa wiki tunakwenda Raskazone maji yakiwa yamekupwa, anaokota kombe na kukimbiza kaa. Mikono yako isiwe mbali naye hata akiwa kwenye maji ya vifundoni.

Tanga yetu ni mji wa baiskeli, na baba mwenye mtoto nyuma ya baiskeli ni picha ya kila siku Ngamiani. Uzuri wake siukatai. Lakini mguu wa mtoto ukiingia kwenye spoki, kisigino kinachanika. Mkalishe kwenye kiti chenye kinga ya miguu, au mvalishe viatu vya kufunika na uweke ubao pembeni ya gurudumu. Akisinzia, shuka utembee.

Huu ndio pia wakati wa salamu. Njiani akikutana na mtu mzima, wewe sema "shikamoo" mbele yake, kisha mshike mkono umsogeze. Akijificha nyuma ya gauni lako, endelea na safari. Ukimvuta na kumgombeza mbele ya mzee, shikamoo inageuka adhabu. Kumpeleka chuoni, yaani madrasa, bado. Wengi waliowapeleka wakiwa na miaka miwili na nusu, nia ilikuwa kumpunguzia mama kazi, na mwalimu mwenye watoto arobaini hawezi kumpeleka poti. Miaka minne inatosha, akiwa anajua kusema "nataka chooni".

Poti yenyewe mpeleke kwa vituo: akiamka, baada ya kula, na kila adhana. Choo cha shimo kinawatisha watoto, lile tundu wanaliona kama litawameza, na hawajakosea sana. Akijikojolea, badilisha nguo bila hotuba. Wa kwanza nilimchapa kwa hilo, akakaa mpaka miaka minne akijificha nyuma ya mlango kukojoa. Hili najuta.

Hatua ya 8: Magharibi, wote ndani

Wazee wetu walikuwa wakali: giza likiingia mtoto asionekane nje. Asili yake ni hadithi iliyo katika Bukhari na Muslim, kwamba usiku unapoingia tuwazuie watoto kwa kuwa mashetani hutawanyika wakati huo, na ikipita sehemu ya usiku tuwaachie. Mimi naongeza kuwa ndio saa mbu wanaoambukiza malaria wanaanza kazi yao mpaka alfajiri. Kwa hiyo adhana ya Magharibi: ndani, milango ifungwe, akogeshwe, avae nguo ya mikono mirefu, chandarua chenye dawa kishushwe na kuchomekwa chini ya godoro.

Baba akiwa yuko, swala hii ndiyo ya jamaa nyumbani, kwa sababu ni fupi na wote tumo ndani. Babu amepewa kazi ya kutandika msala. Anautandika kinyume, tunaugeuza akiwa haangalii.

Simu: kwa umri huu isizidi saa moja kwa siku, na kwa walio chini ya miaka miwili bora isiwepo kabisa. Kwetu ni dakika ishirini wakati napika cha usiku, kisha inazimwa na kuwekwa juu ya kabati. Qur'ani kwenye simu nayo ni simu. Ikiwa nia ni asikie kisomo, washa redio, au soma wewe hata kama makhraji yako yanayumba.

Hatua ya 9: Isha na kulala

Chakula chepesi, meno yapigwe mswaki, poti, kitandani. Dua ya kulala tumeifupisha mwanzoni: "Bismika Allahumma amutu wa ahya." Alianza na "Bimmika" tu. Kisha nakusanya viganja vyangu, nasoma Ikhlasi, Falaki na Nasi, napuliza na kumpitishia mwilini kuanzia kichwani. Hii kaizoea kiasi kwamba siku nikichelewa kwenye cherehani, anajipulizia mwenyewe, mate mengi kuliko pumzi.

Isha yako iswali baada ya yeye kulala, wakati wake ni mpana. Hapo ndipo utakaposwali bila mtu mgongoni.

Hatua ya 10: Siku homa ikiingia

Hapa imani na mazoea vinagongana ndani ya nyumba, na mama ndiye anayebaki katikati. Mtoto wa Tanga akipata homa, apimwe malaria siku hiyohiyo. Akikutwa nayo, dawa mseto anakunywa siku 3 mpaka iishe, hata kama siku ya pili anacheza mpira. Akiharisha, pakiti moja ya chumvichumvi ya ORS kwa lita moja ya maji safi, na vidonge vya zinki siku 10. Kadi yake ya kliniki ikague leo: chanjo ya surua na rubela ni mbili, ya miezi 9 na ya miezi 18, na ile ya pili ndiyo tunayoisahau kwa kuwa mtoto keshatembea. Matone ya vitamini A na dawa ya minyoo ni kila miezi sita mpaka afike miaka mitano.

Degedege lina hadithi zake huku pwani: ndege wa usiku kampitia juu, msimpeleke kwa daktari, akichomwa sindano atakufa. Watu wanafukiza kinyesi cha tembo, wanamwagia mtoto mkojo, na saa zinakwenda. Ule ni mtukutiko wa homa, na mara nyingine ni malaria iliyopanda kichwani. Mlaze ubavu, legeza nguo, usimtie kijiko wala kidole mdomoni, tazama saa, umkimbize hospitali hata kama umekoma. Ukipita dakika tano bila kukoma, omba bajaji ya kwanza unayoiona. Dua isome njiani, mdomo wako una nafasi.

Mkwe wangu alimletea Babu hirizi ya shingoni na wanja wa kumpaka machoni, kumkinga na kijicho. Kamba ya shingoni inaweza kumnyonga akiwa amelala, na baadhi ya wanja una madini ya risasi yanayomdhuru ubongo. Lakini ukimwambia bibi "hatutaki hayo", umemvunja. Nilimwambia: "Mama, kuna kinga ambayo Mtume aliwasomea Hassan na Hussein, nataka uwe unamsomea wewe." Ni hii, kwa mtoto wa kiume: "U'idhuka bikalimatillahit tammati min kulli shaytanin wa hammatin, wa min kulli 'aynin lammatin." Kwa wa kike anza na "U'idhuki." Sasa anakuja kila jioni kabla ya Magharibi, anamweka kichwa mapajani, anamsomea. Hirizi iko kwenye sanduku lake. Wanja anajipaka yeye.

Hatua ya 11: Ramadhani ikifika

Mpangilio wa adhana hauvunjiki, unasogea kidogo. Mtoto ale saa kumi na moja jioni, kabla hujashughulika na futari, ili adhana ya Magharibi imkute ameshiba na wewe upate tende yako kwa utulivu. Mpe naye tende moja, toa kokwa, mkate vipande. Tarawehe swali nyumbani, au pokezaneni na baba siku kwa siku. Daku asiamshwe.

Kama unanyonyesha, ruhusa ya kula ipo. Kwa Mashafii, ukila kwa kuhofia mtoto peke yake, utalipa siku hizo na utatoa kibaba kimoja cha chakula kwa maskini kwa kila siku. Ukila kwa kuhofia nafsi yako, au nafsi yako na mtoto, ni kulipa siku tu. Wahanafi hawadai kibaba. Ukichelewesha kulipa bila udhuru mpaka Ramadhani nyingine ikaingia, kwetu kinaongezeka kibaba kingine kwa kila siku. Kwa hiyo andika siku ulizokula, usitegemee kichwa, maana kichwa cha mwenye mtoto wa miaka miwili hakihifadhi kitu. Mimi naandika kwa chaki ya fundi nyuma ya mlango wa kabati, na kila Jumatatu nikifunga nafuta mstari mmoja. Leo imebaki kumi na moja, na wa kumi na mbili kaufuta Babu kwa mate, sasa sijui kama nihesabu.